Haidrojeni ndani ya ukoga: Kinachotoboa meno katika nchi ya miwa

WAKAZI wa Awendo, Rongo na Ndhiwa hawahitaji kufunzwa utamu wa sukari. Tangu kiwanda cha Sony kilipoanza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970, mashamba ya zao hilo yamekuwa sehemu ya mandhari ya Migori, na baadaye Homa Bay nayo ikapata kiwanda chake huko Ndhiwa. Miwa humenywa na kutafunwa njiani, sukari guru hupikwa vijijini, na chai isiyotiwa sukari huhesabiwa kuwa chai ya mgonjwa.

Jino linapoanza kuuma, lawama huangukia ama sukari yenyewe au "mdudu" anayedaiwa kuingia jinoni na kulila. Kauli zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hakuna inayofika kwenye kiini cha jambo. Punje ya sukari haina uwezo wa kutoboa jino, na mdudu mwenye meno hajapata kuonekana humo. Kinachotoboa jino ni haidrojeni.

Msomaji aliyesoma sayansi shuleni huenda akashangaa, kwa kuwa anaikumbuka haidrojeni kama gesi nyepesi kuliko zote, ambayo ikiungana na oksijeni huwa maji. Gesi hiyo haina ugomvi na meno. Inayoleta madhara ni haidrojeni iliyopoteza elektroni yake ya pekee na kubaki na chaji ya umeme, ile ambayo wanakemia huiita ayoni ya haidrojeni. Ukali wa ndimu, wa siki na wa maziwa mala hutokana na ayoni hizo. Palipo na nyingi, pana asidi.

Wingi wake hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho huenda kinyume na matarajio ya wengi: nambari inaposhuka, ayoni za haidrojeni zinaongezeka. Maji safi yana pH ya 7. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, lile ambalo ngano za Waluo husimulia kuwa lilikizamisha kijiji kilichomnyima mgeni hifadhi. Maji yake yenye magadi, yanayowavutia heroe, yana pH ya takriban 10, yaani ayoni za haidrojeni humo ni haba mno. Soda ya kola, kwa upande mwingine, ina pH ya karibu 2.5.

Tofauti hizo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila hatua moja ya kipimo hiki ni mabadiliko ya mara kumi. Chukua lori la kubebea maji lenye ujazo wa lita 10,000. Ili kupata gramu moja tu ya ayoni za haidrojeni katika maji yenye pH ya 7, yangehitajika malori 1,000. Katika maji yenye pH ya 5, malori 10 yangetosha. Jino hukutana na mabadiliko ya kiasi hicho mara kadhaa kwa siku, na kila mara humalizika kabla mwenye jino hajahisi lolote.

Kiwanda cha asidi mdomoni

Uwanja wa shughuli hii ni ukoga, ule utando laini unaoshika meno na unaoweza kukwanguliwa kwa ukucha mtu anapoamka asubuhi. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula. Kwa hakika ni mji wa bakteria, mamilioni kwa mamilioni, walioshikamana kwa gundi wanayoitengeneza wenyewe. Sukari ya miwa ina nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa bakteria aitwaye Streptococcus mutans huitumia kwa kazi mbili: sehemu moja huila, na nyingine huigeuza kuwa gundi hiyo. Ndiyo sababu ukoga wa mtu anayependa vitu vitamu huwa mzito na huganda zaidi.

Sukari ikishaliwa, hutoka asidi. Yeyote aliyewahi kugandisha maziwa katika kibuyu analifahamu jambo hili bila kulipa jina. Bakteria hula sukari iliyomo katika maziwa, hutoa asidi ya laktiki, na maziwa huchachuka. Ukoga nao huchachuka kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa kibuyu huhitaji siku nzima au zaidi, ilhali ukoga huhitaji dakika chache tu. Jambo la kutia moyo ni kwamba maziwa mala yenyewe si tishio kubwa kwa meno, japo ni makali, kwa kuwa yamejaa kalsiamu na fosfeti, madini yale yale ambayo jino limejengwa kwayo.

Daktari Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, ndiye aliyeeleza mwaka 1890 kwamba bakteria wa kinywani hugeuza chakula kuwa asidi na kwamba asidi hiyo ndiyo huyeyusha jino. Miaka 50 hivi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Mmarekani mwingine, Robert Stephan, alifanikiwa kupima asidi ndani ya ukoga wenyewe kwa vifaa vidogo sana. Aliwapa watu maji ya glukosi wasukutue. Katika dakika chache pH ya ukoga ilianguka hadi karibu 5 au chini yake, kisha ikapanda polepole na kurejea ilipokuwa baada ya nusu saa hadi saa moja.

Mchoro wa matokeo hayo, unaoshuka kwa ghafla kama genge na kupanda taratibu kama mwinuko wa kilima, bado hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno kote duniani. Takriban kila ushauri wa maana kuhusu meno umetokana nao.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kutazama jino lenyewe. Gamba lake la nje, enameli, ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Limeundwa kwa fuwele za kalsiamu, fosfeti na viungo vidogo vya haidroksili. Ayoni za haidrojeni zikizidi katika ukoga, huvamia fuwele hizo. Zikikutana na haidroksili, huungana nayo na kuwa maji. Zikikutana na fosfeti, huigeuza kuwa namna inayoyeyuka kwa urahisi. Kalsiamu, ikiwa imepoteza wenzake, huachia na kuondoka. Kwa enameli, uvamizi huo huanza kushinda pale pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Mizizi ya meno, isiyo na enameli, huanza kuyeyuka mapema zaidi, na wazee ambao fizi zao zimerudi nyuma huumia kwa sababu hiyo.

Habari njema ni kwamba mlango huu hufunguka pande zote mbili. Haidrojeni ikipungua, kalsiamu na fosfeti zilizomo katika mate hurejea na kujipanga upya kwenye enameli. Jino hubomoka na kujengwa kila siku, mfano wa nyumba ya udongo inayokumbwa na mvua na kukandikwa tena. Shimo hutokea tu pale ubomoaji unapozidi ujenzi kwa miezi na miaka. Dalili ya kwanza si shimo bali doa jeupe, kama chaki, karibu na ufizi. Katika hatua hiyo jino bado linaweza kuokolewa bila kuchimbwa.

Idadi ya mara, si idadi ya vijiko

Hapa ndipo mazoea ya kila siku huingia. Watu wawili wanaweza kutumia vijiko sita vya sukari kwa siku na kupata matokeo tofauti kabisa. Wa kwanza huviweka vyote katika chai ya asubuhi, akanywa pamoja na kiamshakinywa na kumaliza. Ukoga wake huwa na asidi kwa muda usiozidi saa moja hivi, kisha mate hupata siku nzima ya kutengeneza kilichoharibika. Wa pili hunywa kikombe kidogo kila baada ya saa moja kutoka asubuhi hadi jioni. Kabla haidrojeni ya kikombe cha kwanza haijaondoka, ya kikombe cha pili imefika. Meno yake hushinda siku nzima katika asidi.

Mhudumu wa bodaboda anayeweka chupa ya soda mbele yake na kuionja kila anaposubiri abiria mjini Migori, mvuvi wa Mbita au Sori anayejikinga na baridi ya usiku kwa chai tamu, mwanafunzi anayefyonza peremende darasani: wote hawa wako katika kundi la mtu wa pili. Anayefyonza soda ana hasara maradufu, kwa kuwa kinywaji hicho huja na haidrojeni yake mwenyewe kabla bakteria hawajatengeneza nyingine. Soda isiyo na sukari haiwalishi bakteria, lakini ukali wake ungalipo.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia isiyopendeza. Katika hospitali ya Vipeholm nchini Sweden, katika miaka ya 1940 na 1950, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali, ikiwemo tofi za kunata, ili kuona jinsi meno yao yangeoza. Utafiti huo hauwezi kuruhusiwa leo, na haukupaswa kuruhusiwa wakati ule. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1954, yalionyesha kwamba sukari iliyoliwa pamoja na mlo ilileta madhara machache kuliko ile iliyonata na kuliwa kati ya milo.

Je, na muwa? Wengi hujitetea kwamba nyuzi zake husafisha meno. Ni kweli kwamba kutafuna huchochea mate, na mate hupunguza haidrojeni. Lakini nyuzi hazifiki katikati ya meno wala ndani ya mifereji ya magego, mahali ukoga unapojificha, na utomvu wa muwa ni sukari ile ile inayotoka kiwandani. Muwa uliotafunwa na kumalizwa mara moja, kisha kinywa kikasukutuliwa kwa maji, una afadhali kuliko vipande vinavyotafunwa mchana kutwa.

Mate yanastahili sifa kuliko yanavyopewa. Yana baikaboneti, kitu kinachozinasa ayoni za haidrojeni na kuzizima. Historia ya eneo hili ina ushahidi wa kuvutia. Kwa vizazi vingi Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini, desturi iliyojulikana kama nak, ikiwa alama ya utambulisho na ya kutoka utotoni. Baadhi ya wazee walieleza pia kwamba pengo lile lilisaidia kumlisha mgonjwa ambaye taya zake zimekazana kwa pepopunda. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20. Kwa kukutanisha mila na kemia, inabainika kwamba meno yaliyochaguliwa kung'olewa ni miongoni mwa yale yasiyooza kwa urahisi, kwa sababu mifereji ya tezi kubwa za mate hufunguka chini ya ulimi, nyuma tu ya meno hayo, na kuyaosha wakati wote.

Meno ya mbele ya juu hayana bahati hiyo. Mtoto anayelazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au ya juisi, huanza kuoza meno hayo hayo ya juu, wakati mwingine kabla hajafikisha miaka miwili. Usiku mate hupungua sana kwa kila mtu, kwa hiyo sukari inayobaki mdomoni wakati wa kulala hufanya kazi bila mpinzani. Kati ya kupiga mswaki asubuhi na kupiga mswaki kabla ya kulala, wa usiku ndio usiopaswa kukosekana, ingawa wengi huufuata ule wa asubuhi peke yake.

Kuna kundi jingine ambalo kaunti hizi mbili haziwezi kulisahau. Homa Bay na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu vya maambukizi ya virusi vya Ukimwi nchini Kenya. Virusi hivyo, pamoja na dawa za maradhi kadhaa, vinaweza kupunguza mate na kukausha kinywa. Mtu mwenye kinywa kikavu hupoteza kinga yake kuu dhidi ya haidrojeni, na meno yanaweza kuoza kwa kasi hata ikiwa mazoea yake hayajabadilika. Ukavu huo ni jambo la kumweleza mhudumu wa kliniki mapema, badala ya kutafuta nafuu kwa kufyonza peremende.

Ni makosa, hata hivyo, kudhani kwamba bakteria wote wa ukoga ni maadui. Wakazi wa ufuo wa Ghuba ya Winam wameona magugumaji yakistawi na kuziba bandari, yakinufaika na mbolea na majitaka yanayotiririka ziwani. Ukoga nao hufuata kanuni hiyo. Katika kinywa chenye afya wamo bakteria kama Streptococcus sanguinis, wanaotengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo na kuitumia kuwazuia akina mutans. Wamo pia Veillonella, wanaoila asidi ya laktiki na kuigeuza kuwa asidi hafifu zaidi, na katika kazi hiyo hutoa hata gesi halisi ya haidrojeni, kwa kiasi kisichodhuru. Sukari ikija mara kwa mara, asidi huwadhoofisha wanaopenda hali ya wastani na kuwaachia uwanja wanaostahimili ukali. Mtaalamu Mwingereza Philip Marsh aliyafafanua mabadiliko haya katika miaka ya 1990, na tangu hapo mkazo umeelekea katika kuwanyima chakula bakteria waharibifu badala ya kujaribu kuua kila kilicho hai mdomoni.

Haidrojeni ina sura nyingine tena, nayo hutambulika kwa pua. Chini ya fizi na nyuma ya ulimi huishi bakteria wasiopenda hewa. Hawa huvunja protini na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Harufu mbaya ya kinywa isiyoondoka hata baada ya kupiga mswaki aghalabu ni dalili ya ugonjwa wa fizi, na kuifunika kwa peremende ya mnanaa yenye sukari ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kinga iliyopo na hatari iliyosahaulika

Silaha kubwa dhidi ya haidrojeni ni floraidi. Inapokuwepo katika mate, huingia katika fuwele za enameli na kuchukua nafasi ya haidroksili, na fuwele mpya huanza kuyeyuka tu pale pH inaposhuka hadi karibu 4.5. Pengo hilo kati ya 5.5 na 4.5 ni la mara kumi kwa wingi wa haidrojeni. Dawa ya meno inayofaa ina floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni, na kiasi hicho huandikwa kwenye paketi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Baada ya kupiga mswaki, ni heri kutema bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kazini. Aliyetoka kunywa soda au kula ndimu angoje nusu saa kwanza, kwa kuwa enameli iliyolainika kwa asidi hukwanguka.

Mswaki wa mti bado unafaa kuondoa ukoga, mradi utumiwe kwa makini hadi kwenye magego. Upungufu wake ni kwamba hauji na floraidi ya kutosha.

Floraidi ikizidi nayo hudhuru. Katika sehemu za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, maji ya visima yenye floraidi nyingi yamewaachia watu wengi meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Milima ya Homa nayo ilitokana na volkano, na katika ardhi ya namna hiyo ni busara kisima kipya kipimwe kabla ya kuanza kutumika.

Shirika hilo hilo lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu hupata kutokana na chakula, ambayo ni takriban vijiko 12 vidogo kwa mtu mzima, na ikiwezekana ipungue hadi sita. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka huo huo ulibaini kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne na mtu mzima mmoja kati ya watatu walikuwa na meno yaliyooza.

Wengi wao humfikia daktari wakati kung'oa ndilo jambo pekee lililosalia. Hata hivyo, si kila shimo linahitaji mashine ya umeme. Nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ilianzishwa mbinu ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba shimo kwa saruji maalumu inayotoa floraidi, na mbinu hiyo imeenea duniani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na myeyusho wa fedha na floraidi unaopakwa kwa brashi ili kuzuia jino lisiendelee kuoza. Myeyusho huo huacha doa jeusi, jambo linalowakera baadhi ya wazazi, lakini hupakwa bila sindano na bila kuchimba jino.

Jino linalopotea kwa kutojua kuliko mengine yote ni gego la kwanza la kudumu. Huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni jino la utotoni litakalodondoka na kuota jingine, na hawashtuki linapotoboka. Mifereji yake ni ya kina, ukoga hujificha humo, na enameli yake changa bado haijakomaa kustahimili haidrojeni. Mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kuwa nayo manne, mawili juu na mawili chini, na mzazi anaweza kuyahesabu kwa mwanga wa tochi ya simu.